Spana Isiyoingia Popote

Nianze kwa kujisifu, maana nikisubiri watu wa Kamembe wanisifu nitazeeka bure. Miaka ile ungeweza kunifunga kitambaa machoni, ukaniwekea spana kiganjani, nikakutajia namba yake kabla hujamaliza kunicheka. Kumi na saba, kumi na tisa, hata kumi na nne ambayo wengi huichanganya na kumi na tatu. Na mimi ni mwanamke, ndiyo, umesikia vizuri. Mwenye gari akifika kwetu na kuuliza fundi yuko wapi, nilikuwa namjibu, "Umesimama mbele yake, au na macho yako tuyafungue tuyasafishe?"

Ufundi wenyewe niliupata kwa baba. Ndoa ilinishinda, nikarudi kwake na binti yangu mdogo na mabegi mawili. Kukaa jikoni nikisubiri mume mwingine sikuweza, nikavaa ovaroli yake kuukuu, nikamfuata garajini. Garaji ni jina la heshima tu: palikuwa na mabati manne, shimo la kushukia chini ya gari, na barabara ya kuteremka mpakani ikipita mbele, ambako magari kutoka Bukavu, ng'ambo ya mpaka, yalitufikia yakiwa hoi. Baba hakusema ndiyo wala hapana. Alinipa brashi na ndoo ya mafuta ya taa, akaniambia nioshe vyombo vyote vya sanduku lake, kimoja kimoja, na kila nitakachokiosha nimwambie kinafanya kazi gani. Nikikosea, naosha tena.

Niliosha sanduku lile wiki tatu mfululizo, mikono ikababuka. Mwishoni hakukuwa na kitu cha chuma mle ndani nisichokijua, ila spana moja. Hiyo ilikuwa haiingii popote. Kwenye nati ya kumi na saba ilicheza, kwenye ya kumi na tisa ilikataa hata kugusa. Nilipomuuliza baba, alicheka, akasema, "Hiyo ina kazi yake, ila si hapa." Mimi nikaihesabu kuwa nimeshaijua, nikaendelea na mengine.

Tulifanya kazi pamoja miaka tisa. Kisha kifua kikamlaza, na siku moja alasiri akatuita mimi na kaka yangu. Kaka ni mkubwa kwangu, muuza vitenge, mtu wa safu ya mbele msikitini. Baba alikuwa anaongea kwa kupumzika pumzika.

"Kwenye sanduku mna vitu vya watu," alisema. "Nimeazima miaka mingi, vingine nimesahau. Vyombo vyangu wewe binti vichukue. Vya watu virudi kwa wenyewe kabla ya arobaini yangu. Msinilaze na chuma cha mtu kifuani."

Siku ya nne yake akatutoka. Kwa kaka yangu hilo halikuwa jambo la spana hata kidogo. Lilikuwa jambo la baba kulala salama huko aliko au kutolala, na jukumu lote nilikuwa nalo mimi, kwa sababu ndiye niliyekuwa navijua vyombo. Kwenye mazishi kaka alisimama, akatangaza kama inavyotangazwa, kwamba mwenye kumdai marehemu chochote aje nyumbani, na mwenye chombo chake aje akitambue.

Hapa nieleze kidogo. Sisi mafundi tunaazimana kila kitu isipokuwa mswaki. Kwa hiyo kila fundi huvikwaruza vyombo vyake kwa tupa, na alama hizo tunaziita chale. Za baba zilikuwa tatu. Tena baba alikuwa na vyombo kama kumi ambavyo mipini yake ilizungushiwa utepe wa mpira, uliokatwa kwenye tyubu kuukuu ya tairi na kukazwa kwa fundo moja dogo pembeni, ili visiteleze mvua inaponyesha. Sikuwahi kumwona fundi mwingine wa Kamembe akifanya hivyo. Nikajiwekea sheria yangu: chenye mpira ni cha baba, kisicho na mpira tuangalie chale.

Siku ya tatu baada ya mazishi nikatandika mkeka garajini, nikamwaga sanduku zima juu yake, nikakaa kwenye kigoda. Walikuja. Wee, walikuja! Hata watu ambao maisha yao yote hawajawahi kufungua kifuniko cha gari walikuja kudai vyombo. Nami nilikuwa na swali moja tu kwa kila mtu: kinafanya kazi gani?

Mmoja mwenye ndevu zake alinyoosha kidole kwenye kile chombo cha kubania springi za vali, kile chenye parafujo ndefu na kichwa kama kwato.

"Hicho changu. Cha kutolea tairi kwenye rimu."

"Jaribu kutolea tairi, utatoa na meno yako," nikamwambia. "Mwingine!"

Mwingine alidai yale majani membamba ya chuma yaliyofungwa pamoja, ambayo tunapimia nafasi kwenye vali. Akasema ni visu vyake. Nikamuuliza ni visu vya kukatia nini, kivuli? Watu wakaangua kicheko, matanga yakachangamka kidogo, hata shangazi zangu waliokuwa wanapepeta mchele upande wa pili wakasogea kusikiliza. Lakini wa kweli nao walikuwepo. Fundi mmoja wa jirani alikuja, hakutazama hata mkeka, akasema anatafuta uma wa kutenganishia viungo vya usukani, jino moja limelika kuliko lingine, na una chale nne. Nikautoa chini ya lundo, chale nne hizo hapo. Nikampa kwa mikono miwili, naye akasema kwa sauti, "Marehemu simdai tena." Kaka alifumba macho, akashukuru. Vilirudi hivyo vyombo sita siku ile, na kila kimoja kilipoondoka kichwa changu kilizidi kuvimba.

Ndipo akaja yule mzee. Mfupi, buti za mpira zimejaa tope jekundu, kofia mkononi. Alikuwa ametoka Bweyeye, kule pembeni ya msitu wa Nyungwe, na kwa kuwa hakukuwa na gari alikuwa ametembea karibu njia yote. Habari za msiba alizipata kwa dereva wa lori la mbao. Asili yake ni ng'ambo, Mushi kwa kabila, wa Bukavu, na Kiswahili chake kilikuwa kile kile cha huko. Sikuwahi kumwona.

"Pole sana, maman," akaniambia. "Papa yako alikuwa muntu yangu." Kisha akaangalia mkeka, akaonyesha moja kwa moja, bila kutafuta. "Ile kle ni yangu."

Kle ni spana, ndivyo tunavyosema sisi wenyewe tukiwa kazini. Na aliyoionyesha ilikuwa ile isiyoingia popote, imevishwa mpira kuanzia shingoni hadi karibu na mwisho. Nikatabasamu. Hata hakujua kuchagua uongo wake, nilijisemea, amekwenda kwenye chenye mpira.

"Ni ya namba ngapi, mzee?"

"Tatu kwa nane."

"Tatu kwa nane ya nini?"

"Ya inchi. Ni kle ya Bangereza."

Magari yetu yalikuwa ya Kifaransa, ya Kijerumani na ya Kijapani, yote ya milimita. Lakini hesabu ya inchi naijua, sikusoma bure. Nikachukua kalipa, nikapima mdomo wa spana mbele ya watu wote. Milimita kumi na nane na kiduchu.

"Tatu kwa nane ya inchi ni milimita tisa na nusu," nikasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Mdomo huu ni karibu mara mbili yake. Sasa, mzee, kati yako na kalipa, nimwamini nani?"

Hakukasirika. "Ile namba si ya kinywa," akasema. "Ni ya mwili wa boliti. Bangereza banapima mwili, habapimi kichwa."

Nilicheka. Nakiri, nilicheka kweli kweli. Spana inashika kichwa, haigusi mwili wa boliti hata siku moja, sasa mtu mwenye akili zake apime kitu asichokishika ili iweje? Niliyasema hayo yote, na watu wakacheka pamoja nami.

"Vua mpira, basi," mzee akasema. "Chini yake kuna chale zangu, mbili."

"Mpira huu ulifungwa na mikono ya baba yangu," nikamjibu, "na baba yangu ana siku tatu kaburini. Siuvui kwa ajili ya mwongo."

Kicheko kilikatika. Kumwita mtu wa umri ule mwongo, mgeni, tena matangani! Kaka alikohoa. Shangazi mmoja akasema "Astaghfirullah" kwa sauti ya chini. Mzee alivaa kofia yake taratibu.

"Sawa, maman. Sikukuya kugombana kwenye kilio."

Akaondoka na buti zake. Kaka alinifuata kwenye bomba la maji ninakonawa.

"Una hakika?"

"Kaka, mimi nikikosa hakika na spana, basi na wewe huna hakika na kitenge."

"Baba halali kwa hakika yako," akasema. Lakini aliniamini, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Ijumaa iliyofuata alisimama msikitini, akawaambia watu kwamba vya watu vimerudi kwa watu, marehemu hadaiwi.

Wiki zikapita. Nilikuwa nafanya kazi peke yangu sasa, na magari yalikuwa yanakuja, heshima ya baba ilikuwa bado inaleta watu. Asubuhi moja likavutwa kwa kamba lori la majani ya chai kutoka Giheke, lori la Kiingereza, zee kuliko mimi. Pampu ya maji ilikuwa inamwaga. Dereva alikuwa nusu analia, majani yakikaa kwenye lori hadi jioni yanaharibika, na bosi wake hana masihara. Nikamwambia atulie, amefika kwa mwenyewe.

Nikaweka spana ya kumi na saba kwenye boliti ya kwanza. Haikuingia kabisa. Nikaweka ya kumi na tisa, ikacheza, na nilipoisukuma ikaanza kukwangua pembe za kichwa. Nikaiondoa haraka. Nilisimama pale nikitazama boliti, boliti inanitazama, na mkono wangu, wenyewe, bila kuniuliza, ukaenda kwenye sanduku ukaleta ile isiyoingia popote.

Ikaingia. Ikatulia, haikucheza hata unywele. Nikavuta, boliti ikalia kidogo, ikafunguka.

Dereva alipiga makofi. Mimi nikaichomoa ile boliti. Nilikimbia nyumbani, nikatoa rula kwenye mfuko wa shule wa binti yangu, nikarudi nayo garajini. Rula zile zina milimita upande mmoja na inchi upande wa pili, upande ambao hakuna mwalimu wetu aliyewahi kuutumia. Nikalaza boliti juu yake, si kichwa, mwili. Ukafika kwenye mstari wa tatu kati ya minane, hapo hapo, haukupungua wala kuzidi.

Nikalegeza fundo la mpira kwa bisibisi ndogo, nikaufungua mzunguko kwa mzunguko. Chini yake chuma kilikuwa safi, hakijashika kutu. Palikuwa na tatu kwa nane imegongwa na mashine, na herufi moja pembeni yake. Na chale za tupa, mbili.

Nilikaa chini, kwenye mafuta, na ovaroli yangu.

"Imevunjika?" dereva akauliza kwa hofu.

"Gari lako ni zima," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyeharibika."

Nilimaliza pampu, kwa sababu kazi ni kazi, na lori likaondoka kabla ya adhuhuri. Kisha nikaenda dukani kwa kaka, nikamwekea spana kwenye meza juu ya vitenge vyake. Nilitegemea atanifokea. Afadhali angefoka.

"Nimesimama msikitini," akasema, "nikasema baba hadaiwi."

"Najua."

"Zimebaki siku ngapi?"

"Kumi na moja."

"Mzee wa umri ule," akasema, "ametembea kutoka Bweyeye kuja kuomboleza nasi, na sisi tumemwita mwongo." Alisema sisi. Ni mimi, lakini alisema sisi, nikajisikia vibaya mara mbili.

Kesho yake nilipanda lori la mbao hadi njia panda ya msituni, na kutoka pale ni miguu. Barabara ya Bweyeye msimu ule ilikuwa si barabara, ilikuwa uji. Nilikuwa nimeivua ovaroli, nimejifunga vitenge viwili na spana katikati, kiunoni, na kila hatua ilikuwa inanigonga mfupa wa nyonga. Wanawake waliobeba maharage walinipita wakiniuliza kama naenda kwa wagonjwa. Nikasema naenda kuomba radhi. Mmoja akanitazama toka juu hadi chini, akasema, "Basi ulifanya kubwa." Nikalala kwa watu wema, na kesho yake mchana nikafika.

Mzee alikuwa na kinu cha kusaga mahindi. Kilizungushwa na moteri ya lori la Kiingereza, iliyotolewa kwenye gari lake na kukalishwa juu ya magogo ndani ya kibanda cha mabanzi. Mwenyewe alikuwa amekaa mlangoni ananoa kisu kwenye jiwe. Mimi sikumtazama yeye kwanza. Nilitazama ukuta nyuma yake. Spana zilikuwa zimening'inizwa kwenye misumari kwa mpangilio, ndogo hadi kubwa, na kila moja imezungushiwa utepe wa mpira, na kila utepe una fundo moja dogo pembeni. Msumari mmoja ulikuwa mtupu.

Basi si mikono ya baba iliyoufunga ule mpira. Baba ndiye aliyejifunza kwa huyu. Nilikuwa nimekataa kuuvua kwa heshima ya mikono ya baba, kumbe ilikuwa mikono ya mtu niliyekuwa namtukana.

"Karibu, fundi," mzee akasema bila kusimama. Lile neno fundi lilinichoma.

Nikapiga magoti kwenye pumba, nikanyoosha spana kwa mikono miwili. "Mzee, nilikosea. Chale ni mbili. Namba ni ya mwili wa boliti. Spana ni yako."

"Na nani mwongo?"

"Mwongo hakuna. Mjinga ndiye yupo, na ametembea siku mbili."

Alitaka kucheka, nikamwona anajizuia. Lakini hakunyoosha mkono kupokea. Alinipa maji ya kunawa, akanipa viazi vitamu na asali kwenye kibakuli, na nilipoonja ile asali nikajua. Kila mwaka jua la kiangazi likiisha baba alikuwa anatoweka siku nne au tano, tena peke yake, akirudi na chupa ya asali hii hii. Alisema anakwenda kumsalimia rafiki. Sikuwahi kuuliza ni nani. Nilikuwa nalamba asali tu.

"Alikuwa anakuya na ile kle kila mwaka," mzee akasimulia. "Mbele ya muvua kuanza. Tunafungua moteri pamoja, tunakaza, tunakula, tunacheka. Mwisho anasema, chukua kle yako sasa, nimekaa nayo sana. Mi namwambia, hapana, shuka nayo, utairudisha mwaka kesho." Akatazama ule msumari mtupu. "Nikiipokea, atakuya kufanya nini huku? Njia yenyewe umeiona."

"Sasa kwa nini ulikuja kuidai?"

"Maana hakuna tena wa kuileta."

Niliweka kibakuli chini, nikamsogezea tena spana, nikamwomba aichukue, na aseme yale maneno, kwamba marehemu hamdai. Hayo ndiyo niliyoyafuata, nikamwambia, siwezi kurudi bila hayo.

"Kle iko wapi?" akauliza.

"Mkononi mwangu."

"Basi bado haijarudi. Ulinitukana mbele ya bantu, maman. Nikipokea hapa, kati yangu na wewe na hizi kuku, bale bantu ya Kamembe banajua nini? Arobaini ni siku gani?"

Nikamtajia.

"Nitashuka."

"Mzee, na ukifa njiani?" Ilinitoka hivyo hivyo, mdomo wangu haujawahi kuwa na breki.

"Basi uombe nisikufe," akasema, na safari hii alicheka wazi, kicheko cha mtu aliyenipata barabara. Nikarudi na spana kiunoni.

Siku ya arobaini sikupika, sikutandika, sikufanya lolote la maana. Nilikuwa natazama barabara. Dua ikasomwa. Pilau ikapakuliwa kwenye sinia, wanaume wakakaa kwenye mikeka yao uani, sisi wanawake upande wa jikoni, na mzee hakuwepo. Kaka alikuwa ananitupia jicho juu ya vichwa vya watu. Watu wakaanza kunawa mikono. Mmoja akasimama kuaga. Nilifikiri nilale chini nilie kama mtoto, kwamba nimemfunga baba yangu kwa mdomo wangu mwenyewe na hakuna wa kumfungua.

Ndipo nikaziona zile buti zinaingia getini, tope hadi magotini.

Sikumpa hata nafasi ya kuketi. Nilitoka upande wa wanawake, nikapita katikati ya mikeka ya wanaume na spana mkononi, watu wakakunja miguu wakinishangaa. Mimi ninayebishana na madereva wa malori nikasimama mbele ya mzee kama mshtakiwa.

"Jamani," nikasema, "mliokuwepo siku ile nilipomwita huyu mzee mwongo, nisikilizeni, na ambao hamkuwepo nadhani mliambiwa. Spana hii ni yake. Aliniambia namba yake, nikamcheka. Aliniambia nivue mpira nione chale, nikakataa. Chale hizi hapa. Alisema kweli tangu neno la kwanza, na mimi niliyejifanya najua kila chuma sikuijua hii moja. Mzee, nisamehe mbele ya hawa wote."

Hakuna aliyecheka. Mzee alipokea spana, akaigeuza, akampa mzee mwingine wa safu ya mbele aione, naye akampa mwenzake, ikazunguka mkeka mzima, kila mtu akipitisha kidole kwenye zile chale mbili. Iliporudi kwake aliishika kwa mikono yote miwili, akamgeukia kaka yangu.

"Marehemu simdai kitu," akasema. "Alale."

Kaka yangu aliinamisha uso kwenye viganja vyake. Mimi nililia pale pale nimesimama, kwa sauti, mbele ya mafundi wote wa Kamembe. Siku ya mazishi sikuwa nimelia. Nilikuwa na kazi ya kuonyesha nilivyo hodari.

Nilipofuta uso, spana ilikuwa imenyooshwa mbele yangu.

"Shika."

"Mzee, si ni yako! Umeshapokea!"

"Ni yangu, ndiyo maana naweza kuiazima. Moteri inataka kufunguliwa mbele ya muvua ya mwaka kesho." Akaiweka kiganjani mwangu, akavifunga vidole vyangu juu yake kimoja kimoja. "Papa yako amemaliza. Sasa ninakudai wewe."